Kijiji Kinachosomwa na Mthamini

Hakuna anayevisoma vijiji vinavyouzunguka mgodi wa dhahabu wa North Mara kwa makini kama mthamini wa ardhi. Mwandishi wa habari hufika asubuhi na jioni yuko Musoma. Mwanaanthropolojia hukaa mwaka mmoja au miwili, kisha huandika kitabu ambacho bei yake haipishani sana na ya mbuzi. Mthamini huja na futi kamba, kamera na fomu. Anahesabu milango. Anaandika kama sakafu ni ya saruji au ya udongo, kama bati ni jipya au limeshika kutu, migomba mingapi imeanza kuzaa na mingapi bado michanga. Anampiga picha mwenye nyumba akiwa amesimama mbele ya nyumba yake. Akiondoka, ameacha maandishi yenye undani kuliko chochote kilichowahi kuandikwa kuhusu boma hilo.

Nataka kuyachukulia maandishi hayo kama utanzu. Nasema utanzu kwa maana ileile tunayoitumia darasani: yana kanuni zake, yana msomaji anayetarajiwa, kuna vitu ambavyo mwandishi anaruhusiwa kuviona, na kuna vitu ambavyo hata vikiwa mbele ya macho yake havina safu ya kujaza. Hoja yangu ni kwamba namna hiyo ya kusoma imetoka nje ya fomu. Imeingia kwenye ripoti na magazeti, kwa kiasi fulani imo hata kwenye vitabu vya wasomi, na sasa inatuingia sisi tunaojaribu kuandika historia za vijiji vya huku. Nikitazama rasimu za historia za vijiji zinazozunguka kwenye simu za vijana wa Tarime, naona orodha: shule ilijengwa mwaka gani, zahanati mwaka gani, kisima kimechimbwa na nani. Ni fomu ya mthamini iliyovaa tarehe.

Kijiji ninachokifikiria ni Nyakunguru, kata ya Kibasuka, wilaya ya Tarime. Hutajwa katika orodha ya vijiji 11 vinavyouzunguka mgodi. Upande wa kusini kuna bonde la Mto Mara, na ng'ambo ya mto ni wilaya ya Serengeti. Mto wenyewe unaanzia nyanda za juu za Mau nchini Kenya, unapita Maasai Mara, unakata pembe ya kaskazini ya Hifadhi ya Serengeti, kisha unaelekea magharibi hadi kwenye vinamasi na Ziwa Victoria, karibu kilomita 400 kwa jumla. Sikio la Mswahili likisikia jina la kijiji hukimbilia kunguru. Lisikimbilie. Majina ya Kikuria yanayoanza na Nya- yamejaa huku, Nyamongo, Nyamwaga, Nyangoto, Nyarwana, na mchezo wa kuyatafutia maana kwa sauti ya Kiswahili umeharibu ukurasa wa kwanza wa historia nyingi za vijiji.

Utanzu wa historia ya kijiji tulioazima una asili yake, na inafaa kuutazama ukiwa nyumbani kwake. Chukua Grantchester, kijiji cha Uingereza kando ya mto Cam, nje kidogo ya Cambridge. Msomaji anapewa kanisa la kale, eneo la kinu cha maji, baa, bustani ya chai ya The Orchard iliyoanza 1897, na kidimbwi cha mtoni kinachoitwa kwa jina la mshairi Byron. Juu ya hayo yote limewekwa shairi la Rupert Brooke la mwaka 1912, alilolitunga akiwa Berlin, akikitamani kijiji hicho kwa mbali. Tangu hapo watu huenda Grantchester kukagua kama shairi lilisema kweli. Ni mpango unaofanya kazi vizuri sana. Jengo linabaki mahali pake kwa karne nyingi, daftari la parokia linatunza majina ya waliobatizwa na kuzikwa, na mshairi akija kwa kuchelewa hakosi kitu cha kushika.

Mpango huohuo ukiletwa Mara unaanza kutafuta jiwe. Unaipata Fort Ikoma, ngome ya Wajerumani huko Serengeti. Unaipata Shirati. Unatazama kaskazini ya mto, kwenye vilima vya Tarime, na kuona kwamba hakuna kitu. Hata sheria zetu zina jicho hilo: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, inapoeleza ni vitu gani vilivyotengenezwa na mkono wa mtu vihesabike kuwa vya kale, inataja mwaka 1863 kama mpaka. Boma la Kikuria la miti, udongo na nyasi halikujengwa ili lisubiri mpaka wa aina hiyo. Familia ikihama, kilichobaki ni duara la udongo mweusi palipokuwa na zizi, ambalo kwa miaka kadhaa hutoa mahindi mazuri kuliko shamba lote. Kisha Operesheni Vijiji ya 1974 ikaja na kuwataka watu wakae pamoja, nyumba kwa mstari. Kwa hiyo hata maduara yale yakaachwa nyuma kwa pamoja, katika muda mfupi, na walioyakumbuka wakaanza kuzeeka wakiwa mbali nayo.

Muulize mtu wa huku njia, lakini. Hakutajii mtaa wala namba. Atakwambia: "Mura, shuka na hii njia, ukifika walipokuwa wanavushia ng'ombe usivuke, kata kushoto, pita wanapochotea maji, utaona kunakouzwa mbuzi siku ya mnada." Alama zote tatu ni vitenzi, na moja kati ya hizo haipo tena ila katika kauli yake.

Kiswahili kimetupa kifaa hiki na tunakifundisha sekondari kana kwamba ni jambo la mtihani tu: -po ya mahali mahususi, -ko ya mahali pasipo dhahiri, -mo ya ndani. Kwa mhakiki kuna zaidi. Kirejeshi cha mahali kinafanya tendo liwe alama ya nchi. Mahali panatambulika kwa kilichotendeka hapo, na aliyekitenda anabaki ndani ya neno lenyewe: wali-, wana-, tuli-. Ramani haina nafsi. Fomu ya mthamini nayo haina, ingawa inabeba jina na picha ya mwenye mali. Mtu akisema "tulipovukia," kwa neno moja ametaja mahali, tendo, wakati, na ukoo wake wa kuhusika. Wazee wa Kikuria wanafanya jambo kama hilo na wakati pia. Mwaka hautajwi kwa tarakimu, bali kwa esaro, yaani rika la waliotahiriwa pamoja, ambalo mara nyingi hupewa jina la tukio la msimu ule. Kwa hiyo mtu anaweza kukusimulia historia nzima ya bonde bila nomino moja ya aina inayotakiwa na kitabu cha mwongozo wa watalii.

Sisemi kwamba Wakuria hawakuandikwa. Wameandikwa sana. E. C. Baker, ofisa wa kikoloni, aliandika juu ya Wakuria wa North Mara katika miaka ya 1930. Malcolm Ruel alifanya utafiti miaka ya 1950, na makala yake ya 1962 kuhusu amakora, zile tabaka za vizazi zenye mizunguko miwili ya Abasaai na Abachuma, bado ni miongoni mwa za kwanza kutajwa na kila anayeanza kusoma jamii hii. Paul Asaka Abuso aliandika historia ya mapokeo ya Abakuria kuanzia kama mwaka 1400 hadi 1914, ikachapishwa Nairobi 1980. Eva Tobisson aliandika juu ya familia mwaka 1986, na Michael Fleisher juu ya wizi wa ng'ombe mwaka 2000.

Ni vitabu ninavyovirudia, na kila kimoja kinanifundisha kitu. Lakini jaribu kuvisoma ukitafuta mahali. Kwa Ruel, muundo wa jamii unaelezwa kwa usafi kiasi kwamba ungeweza kuuhamishia bonde jingine na usipoteze kitu. Kwa Abuso, mahali ni kituo: koo zilitoka huku, zikapumzika pale, zikafika hapa, na zikishafika nchi inanyamaza. Fleisher ndiye mwenye hoja kali kuliko wote. Anaonyesha jinsi wizi wa ng'ombe ulivyogeuka kutoka shughuli ya vijana na mahari kuwa biashara ya fedha taslimu, na jinsi bunduki zilivyoingia baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979. Nakubaliana naye karibu kila hatua. Ila ukifunga kitabu, nchi imebaki njia ya kupitishia ng'ombe. Magazeti yetu yalichukua sehemu hiyo peke yake na kuacha hoja, na tangu hapo Tarime kwenye ukurasa wa habari ni mapanga, ng'ombe na koo.

Aliyekaribia zaidi jambo ninalolitafuta hakuandika juu ya Wakuria hasa. Ni Jan Bender Shetler. Mwaka 2003 alikusanya na kuchapisha historia zilizoandikwa na watu wenyewe wa Mara Kusini, kwa Kiswahili pamoja na tafsiri, na mwaka 2007 akatoa *Imagining Serengeti*, kitabu juu ya kumbukumbu ya nchi. Alichofanya kinaonekana kidogo, lakini kilihitaji ujasiri wa mhakiki: zile orodha za majina ya mahali ambazo wazee huzitaja katika masimulizi, ambazo msomaji mvivu huziruka kama nasaba za Agano la Kale, yeye alizichukua kama kiini. Vilima, vijito na makazi yaliyoachwa si mapambo ya hadithi. Ndizo zinazoibeba. Ukishamsoma huwezi tena kusikia mzee akitaja mabonde saba mfululizo ukadhani amepotea.

Mapungufu yake kwangu ni mawili. La kwanza ni la kijiografia: kazi ile ni ya watu wa magharibi ya Serengeti, Wanata, Waikoma, Waishenyi, Waikizu, Wangoreme. Wangoreme wako ng'ambo tu ya mto. Kwa hiyo Mto Mara, ambao kwa watu wa pande zote mbili ni mahali pa kuvuka, umekuwa ukingo wa kitabu. La pili ni kwamba kumbukumbu ya nchi inayotawala humo ni ya wanaume, kwa sababu ndio walioketi kuhojiwa kama wenye historia. Shetler alilirudia hilo mwenyewe, na kitabu chake cha 2019, *Claiming Civic Virtue*, kinahusu kumbukumbu za wanawake zinazofuata mitandao ya watu. Naona ni kitabu cha lazima kwa yeyote anayetaka kuandika Nyakunguru, hata kama Nyakunguru haimo. Mwanamke aliyeolewa kutoka kijiji kingine anajua njia mbili: ya kwao na ya maji. Ya pili ameipita mara nyingi kuliko mwanamume yeyote alivyopita njia yoyote ya kijiji hicho, lakini historia ya kijiji ikiandikwa humtembelea mwenyekiti.

Turudi kwa mthamini, kwa sababu utanzu wake una sheria zilizoandikwa na zinafaa kusomwa kama fasihi. Kanuni za fidia za mwaka 2001, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, zinaorodhesha kinacholipwa: thamani ya ardhi na maendelezo yasiyohamishika, posho ya usumbufu, posho ya makazi ya kiasi cha kodi ya miezi 36, hasara ya faida, na usafiri. Kwenye usafiri ndipo mwandishi wa sheria alipojisahau akaonyesha picha aliyonayo kichwani. Anayehamishwa hulipwa gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo, ndani ya kilomita 20. Nimeusoma mstari huo mara nyingi. Humo kuna kaya ya kufikirika, yenye makabati na vitanda vya kujaza lori, inayohama kwenda mahali panapofanana na ilipotoka. Uzito umepimwa na umbali umepimwa. Hakuna mahali pa kuandika kwamba kisima kipya kiko kwenye ardhi ya ukoo ambao watoto wako hawaruhusiwi kuchezea kwao.

Watu wa Nyamongo waliusoma utanzu huu kabla yetu sisi wa vyuo, na wakaujibu kwa kuuandika wao wenyewe. Jibu lao linaitwa tegesha. Neno limetoka kwenye kutega: unakiweka kitu pale unapojua kitakumbwa. Mgodi ulipokuwa ukipanuka tangu ulipoanza uzalishaji mwaka 2002, palipovumishwa kuwa patachukuliwa palichipua nyumba usiku na mchana, na miche ikapandwa kwa kubanana kuliko mkulima yeyote angevyopanda. Nyumba ya tegesha ina kuta, ina bati, ina mlango. Haina masizi ya moshi darini. Haina njia iliyokanyagwa kuelekea msalani.

Kwa mgodi na Serikali huo ni udanganyifu, na magazeti huueleza hivyo. Kuna waliotoka mijini na fedha zao wakajenga hapo bila kuwa na bibi wala babu bondeni, na wakazi wenyewe huwasema. Sitetei. Nasoma tu. Nyumba ya tegesha ni nyumba iliyotungwa kwa ajili ya msomaji mmoja, anayejulikana kwamba atahesabu milango na hataingia jikoni kunusa. Kila kitu kilichoachwa nje ya fomu kimeachwa nje ya nyumba. Sijaona uhakiki mkali wa utanzu wowote kuliko huo: mtu amechukua kanuni zake zote, akazitii moja baada ya nyingine, akatoa kitu ambacho ni sahihi na hakina uhai.

Hasara yake iko jirani. Nyumba ya mama aliyezaa watoto sita hapo inasimama mita chache kutoka kwenye tegesha, na machoni pa mkaguzi zote mbili zinashukiwa sawa. Ili aaminiwe, itabidi mama huyo athibitishe matendo: hapa nilipikia, hapa walilala. Yaani itabidi alete -po na -mo mbele ya ofisi inayotaka nomino, na hana hata ukurasa mmoja uliochapishwa wa kumsaidia. Ndiyo maana sioni historia ya kijiji kama jambo la wapenda mambo ya kale. Kungekuwa na kitabu, hata kijitabu cha kurasa arobaini kilichopigwa chapa Tarime mjini, kingekuwa na kazi ya kufanya.

Mto nao una maandishi yake. Katika fasihi ya kisayansi sehemu hii ya bonde inaonekana mara nyingi kuliko unavyofikiri, ila kwa jina moja: Mara Mines. Ni kituo cha kupimia kina na mtiririko wa maji, chenye kumbukumbu za miongo mingi, na jina lake limetokana na uchimbaji wa dhahabu wa enzi ya ukoloni. Watafiti wa Delft na Nairobi wanaweza kujadili mwaka wa ukame kwenye Mara Mines bila kujua jina la kijiji hata kimoja kinachokunywa maji hayo. Mashimo ya mgodi wa sasa yamefuata njia ya kinyume. Nyabirama, Nyabigena na Gokona ni majina ya wenyeji, lakini leo ukiyatafuta unaletewa taarifa kwa wanahisa, gramu za dhahabu kwa tani ya mwamba.

Na kuna neno kivuko. Duniani kote "kivuko cha Mto Mara" maana yake ni nyumbu. Kule Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, waongoza watalii wamevipa namba vivuko vya nyumbu, na mtalii anaweza kurudi kwao akisema aliona kivuko namba fulani. Kilomita nyingi chini ya hapo, kwenye mto uleule wenye mamba walewale, watu wamevuka na ng'ombe, na mahari, na wagonjwa, na mahindi ya kuuza, kwa muda ambao hakuna anayeukumbuka mwanzo wake. Siku hizi daraja la barabara ya Tarime kwenda Mugumu limechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Vivuko vya watu havikupewa namba, na vinaposahauliwa vinakwenda na vitenzi vyake.

Machi 2022 mto ulipata maandishi yaliyosomwa na nchi nzima. Maji karibu na Kirumi yalikuwa yamebadilika rangi, samaki wakafa, na kamati iliyoundwa na Serikali ikatangaza kwamba chanzo ni kinyesi na mikojo ya ng'ombe iliyolimbikana bondeni, pamoja na mimea inayooza. Mitandao ikalipuka kwa vicheko. Ukiacha kemia, ambayo si fani yangu, kicheko hicho kinahitaji maelezo. Watu wa bonde walikuwa na kumbukumbu ya Mei 2009, maji yenye tindikali kutoka mgodini yalipoingia mto Tigithe, unaomwaga maji yake Mara. Kwa hiyo waliisoma ripoti wakiwa na maandishi mengine vichwani, na ripoti haikuonyesha kama inajua hilo. Lakini kuna jambo la pili, la kimtindo. Hapa ni nchi ambapo ng'ombe ndiye kalamu ya historia: ndoa zimeandikwa naye, ugomvi wa koo umeandikwa naye, vivuko vimepata majina kwa ajili yake. Hatimaye akaingia kwenye waraka wa kitaifa juu ya mto wake, na akaingia kama tumbo. Lita na tani. Waliocheka nadhani walicheka kwa sababu waliona ng'ombe wao akifanyiwa kile ambacho nyumba zao zimeshafanyiwa.

Naomba nisieleweke kwamba kila mahali palipotajwa kwa kitenzi ni pazuri. Hili linanisumbua katika hoja yangu mwenyewe kuliko jambo jingine. Miongoni mwa alama kubwa za nchi ya Wakuria ni wanapotahiriwa vijana, na kwa vizazi vingi hilo limekuwa pia wanapokeketwa wasichana, jambo ambalo sheria ya 1998 ililifanya kosa kwa walio chini ya miaka 18. Wazee wanaweza kukuonyesha mahali penyewe kwa fahari. Historia ya kijiji inayopendezwa na mila itaandika ngoma, maziwa na nyimbo za kurudi nyumbani. Mimi ningependa iandike pia njia waliyokimbilia. Msimu wa Desemba, hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili, wapo wasichana waliotembea usiku kupita mashamba na vijito hadi vituo kama kile cha Masanga ili wasikatwe. Hiyo nayo ni njia yenye alama zake: walipojificha, walipovua viatu, nyumba ya mwalimu ilipokuwa inaachwa taa. Utanzu unaobeba matendo hauwezi kuchagua matendo ya kupendeza tu. Ukifanya hivyo, ni afadhali mthamini, ambaye angalau hadanganyi kuhusu bati.

Kitabu ninachokitaka kingekuwa na umbo la ajabu. Hakingeanza na mwaka wa kuanzishwa kwa kijiji, kwa kuwa mwaka huo ni wa ofisi. Pengine kingeanza na maji: walipochota kabla ya bomba, wanapochota bomba likikauka, nani alikatazwa kuchota na kwa nini. Majengo yangekuwemo kwa sababu ya waliopigana yajengwe. Mgodi ungekuwemo, ila ungelazimika kungoja zamu yake. Na mwandishi wake angehitaji Kikuria cha kutosha kujua pale mzee anapotaja iritongo, yaani mkutano wa wote, na pale anapotaja inchama, baraza la siri la wazee, kwa sababu mahali pa la kwanza unaweza kupachapisha na pa la pili ukiambiwa unyamaze inabidi unyamaze.

Kuna sheria moja ndogo ambayo huwa nairudia nikichoka na hizi nyingine. Ni Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969. Inapoeleza fidia, inataja gharama za kufukua, kusafirisha na kuzika upya, kisha inaongeza gharama za matambiko ya kutuliza na kusafisha. Kwa hiyo katika fomu nzima ya anayehamishwa kuna safu moja ambapo Serikali imekubali kwamba mahali pana kitendo ndani yake, na kwamba kitendo hicho kina watu wanaopaswa kukifanya. Safu hiyo hujazwa kwa tarakimu, shilingi fulani kwa kaburi moja. Karatasi haisemi ni mnyama gani alichinjwa, nani alishika kamba, nani alisema maneno na kwa lugha gani, marehemu alielekezwa wapi kutoka wapi. Waliokuwepo siku hiyo wanajua. Wengi wao wako hai, wamehamia si mbali, na siku za mnada utawakuta kunakouzwa mbuzi.